Amri ya Tano na Saa 72

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Mbeya niliyeolewa Iringa. Kila Jumamosi nafundisha kipaimara kwenye usharika wetu wa Kilutheri. Tulipofika amri ya tano, Usiue, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtu akimeza P2, ameua?"

Wavulana wakacheka. Hakuna aliyeuliza P2 ni nini.

Nikamjibu kama nilivyokuwa nikijibu kliniki. Kidonge kile cha dharura cha kuzuia mimba huchelewesha yai kutoka. Mimba ikishatunga hakiitoi. Humezwa mapema, ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kila saa inayopita inakipunguzia nguvu. Si cha kumeza kila wiki. Na hakizuii Ukimwi. Hapo kicheko kikakatika. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 uliwakuta na VVU watu wazima zaidi ya 11 katika kila 100 mkoani Iringa, na zaidi ya 9 kwetu Mbeya. Ila mabinti wanaogopa mimba kuliko virusi, maana mimba majirani wanaiona.

Nikaongeza la aliyebakwa. Naye ana saa hizo hizo 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU. Asiyeambiwa hujifungia chumbani analia mpaka zimwishie.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akanifuata. "Kamwene, mwalimu. Nasikia umewafungulia watoto mlango."

"Kamwene, mzee wangu. Mlango ulifunguliwa zamani, dukani kwa dawa."

Hakucheka, wala sikumdharau. Ana mabinti watatu. Wifi yangu Mkatoliki naye hunikumbusha waraka wa Papa Paulo wa Sita wa 1968, uliokataza kuzuia mimba kwa dawa. Namheshimu, maana anaishi anavyoamini. Lakini katekisimo ninayoifundisha, Ndogo ya Luther ya 1529, haiishii kwenye kutoua. Inatudai tumsaidie jirani katika kila shida ya mwili wake. Basi nikinyamaza, binti akaangamia kwa kutojua nilichokijua miaka thelathini, nitasema amri nimeishika?

Hofu moja ya mzee naikubali. Kwa mdogo wangu, karibu na soko la Mwanjelwa kule Mbeya, nilimsikia kijana wa bodaboda akimwambia mwenzake, "Si umpe P2 tu," kama anayesema mpe soda. Kidonge cha msichana kimekuwa msamaha wa mvulana! Yeye halali na kichefuchefu, hahesabu siku, haulizwi na mtu. Ndiyo maana sikuwatoa wavulana nje siku ile, na ndiyo maana bado nawaambia wote wasubiri ndoa. Sioni haya kuyasema yote mawili kwa kinywa kimoja.

Jumamosi ijayo ni amri ya sita, Usizini. Mzee ameomba akae benchi la nyuma asikilize. Nimemkaribisha, na nimemwambia aje na wale mabinti.