Waliobeba Kitanda

Mtakatifu Marko anatusimulia habari za mtu aliyepooza, aliyeletwa kwa Bwana Wetu huko Kafarnaumu akiwa juu ya kitanda kilichobebwa na watu wanne. Mlango ulikuwa umezibwa na umati. Basi wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha. Wahubiri hupenda kusema juu ya yule aliyeponywa, nao hufanya vema. Lakini Mwinjili anaandika kwamba Yesu aliitazama imani ya wale wabebaji. Majina yao hatukuambiwa. Wala hatukuambiwa ni nani aliyelima shamba lao siku ile, au ni nani aliyelipa gharama ya dari ya watu.

Twawakumbuka leo kwa sababu nchi yetu ina wabebaji wengi wa namna hiyo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani; mwaka 2012 walikuwa asilimia 9.3. Si wote wanaohitaji kutunzwa, la hasha. Wengi wanafundisha, wanashona, wanalima, na wengine wameketi Bungeni. Lakini yupo mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kuketi wala kumeza chakula bila kusaidiwa. Yupo kijana mwenye kifafa kikali, ambaye haifai kuachwa karibu na moto hata kwa dakika moja. Yupo baba aliyeanguka mnazini akavunjika uti wa mgongo. Nyuma ya kila mmoja wao yuko mtu mwingine: mara nyingi ni mama, mara nyingine bibi, na mara nyingine dada mdogo aliyeachishwa shule ili abaki nyumbani.

Mapadre na makatekista wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa huzijua nyumba hizo. Mama huamka kabla ya jogoo, amwogeshe mtoto, amnyooshe viungo, amlishe uji kijiko kwa kijiko kwa muda wa saa nzima asije akapaliwa. Shambani hawezi kwenda mpaka apatikane wa kumwachia. Mtoto akiwa mdogo humbeba mgongoni. Akifika miaka kumi na miwili mgongo wa mama hukataa. Hospitali yenye mazoezi ya viungo iko mjini, na nauli ni ya watu wawili. Baba naye, tuseme wazi, si mara chache huwa ameondoka, kwa kuwa ndugu zake walimwambia kwamba mkosi umetoka upande wa mke. Wanafunzi wa Bwana nao waliwahi kuuliza juu ya kipofu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Bwana alilikataa swali lenyewe. Bado linaulizwa vijijini mwetu, tena na watu waliobatizwa.

Je, taifa limewafanyia nini watu hawa? Tusiseme kwamba halikufanya lolote. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 Bunge likatunga sheria yake. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Inaanzisha Mfuko wa Taifa wa Watu wenye Ulemavu. Tena inawapa ndugu wajibu wa kumtunza mwenzao. Neno hilo la mwisho ni jema, na hata bila sheria Amri ya Mungu ingetosha. Lakini kumwekea mtu wajibu ni jambo moja, na kumpa nguvu ya kuutimiza ni jambo jingine. Mfuko nao huitwa mfuko kwa haki pale tu unapokuwa na kitu ndani.

Tangu mwaka 2018 kila halmashauri inapaswa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za utoaji na urejeshaji, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa fundi viatu asiye na miguu, au mshonaji kiziwi, mkopo huo ni ngazi ya kweli. Lakini mkopo ni deni. Yule mama anayelisha uji kwa saa nzima atafanya biashara gani, saa ngapi, ili arejeshe fedha? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo ni hatua njema. Ila bima humlipa mganga, haimlipi anayemgeuza mgonjwa usiku. Na ruzuku ya TASAF hupitia mlango wa umaskini wa kaya: familia iliyo juu kidogo ya mstari, yenye ng'ombe wawili na bati juu ya nyumba, hubaki nje hata kama bati lile ndilo litakalouzwa mwakani kununua dawa.

Tunasema, basi, kwamba yafaa iwepo posho ya kisheria kwa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, nayo ipitie mkononi mwa yule anayemtunza kweli. Jambo hili si ndoto ya nchi tajiri. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011 kuzilipa kaya maskini za namna hiyo shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, kupitia kwa mtunzaji. Kiasi ni kidogo, na wengi hawajafikiwa. Lakini mtunzaji amekwisha kutambuliwa kuwa yupo. Zanzibar, mwaka 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kwanza kama ni maskini au sivyo. Kilichowezekana kwa mzee kitashindikanaje kwa mtoto asiyeweza kuketi?

Wako watakaotujibu kwamba fedha ya serikali itaua upendo wa ndugu. Kwamba Mwafrika hakulipwa kamwe kumtunza wa kwake. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana yatoka kwa watu wanaoipenda familia. Lakini tumeona ni nini hasa kinachoua upendo. Ni uchovu usio na mwisho. Zamani ukoo mzima uliishi mahali pamoja, na mikono ilikuwa kumi; leo vijana wako Dar es Salaam na Mwanza, na mikono imebaki miwili. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii hayasemi kwamba dola ichukue kazi ya familia, wala hayasemi iiache familia izame. Yasema iisaidie ili ifanye kazi yake yenyewe. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu miongoni mwa haki za binadamu haki ya kusaidiwa mtu anapougua au asipoweza tena kufanya kazi. Aliiita haki. Hakuiita sadaka.

Na Kanisa lenyewe? Mwaka huo huo wa 1963 lilianzisha shule ya viziwi Tabora, na mpaka leo watawa wanalea wengi ambao wengine wamewatupa. Twajivunia hayo. Lakini nyumba za watawa haziwezi kulibeba taifa zima, na haifai zigeuzwe kisingizio cha kila mmoja wetu kupitisha bahasha na kwenda zake. Jumuiya ndogondogo yenye kaya kumi na mbili yaweza kumpa mama alasiri moja kwa juma: wawili waje wakae na mtoto, yeye aende kisimani, sokoni, au alale tu. Hilo halihitaji bajeti ya mtu yeyote. Makanisa yetu nayo yana ngazi nyingi mno mlangoni. Fundi mmoja na mifuko michache ya saruji huweka mteremko kwa siku mbili.

Lakini posho ni jambo la Bunge, na Bunge husikia kupitia madiwani na wabunge walioombwa kwa sauti. Mkutano wa kijiji unapaswa kuitwa kila baada ya miezi mitatu. Baba na mama wa familia, nendeni. Mwulizeni diwani asilimia 2 ya halmashauri yenu ilikuwa shilingi ngapi mwaka uliopita, na imemfikia nani. Mwulizeni mbunge kama Mfuko wa mwaka 2010 una fungu lake katika bajeti, na ni kiasi gani. Na mkienda, mchukueni yule mama pamoja nanyi, mkiwa mmekwisha kumpata wa kumwachia mtoto, ili aseme yeye mwenyewe.