Leso ya Mjomba



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni muda mrefu.

Kwetu Tukuyu kuna baridi na mvua karibu mwaka mzima. Jioni tunaingia jikoni, mlango unafungwa, kuni zinawaka, wote tunauzunguka moto. Mtu akikohoa tunasema ni baridi tu. Mjomba wangu alikohoa hivyo miezi mingi, na sisi tukasema ni baridi.

Siku moja tukiwa shambani tunakata ndizi, alikohoa kwenye leso, nikaona damu. Akaikunja haraka. "Mjomba, usimwambie mama yako." Nikanyamaza. Kwanza kwa sababu aliniomba. Pili, na hii ndiyo inayoniuma mpaka leo, sigara yangu ya kwanza nilivuta pamoja naye. Niliogopa kwamba akiulizwa yeye, na mimi nitaulizwa.

Ilipita miezi minne ndipo akafika hospitali. Akapimwa makohozi: si kifua kikuu. Akapigwa eksirei, akapelekwa Mbeya, halafu Ocean Road, Dar es Salaam. Kansa ya mapafu, na ilikuwa imeshasambaa. Mwaka haukuisha tukamzika.

Pale msibani nikasikia watu wananong'ona. Wengine eti karogwa. Wengine, "Si alikuwa anavuta? Kajitakia."

Ndugu zangu, someni Injili ya Yohane sura ya 9. Wanafunzi walipomwona yule kipofu, walitaka kwanza kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lao. Akatengeneza tope, akampaka machoni, akamtuma akanawe. Sisi tunatafuta mwenye kosa, Bwana anaanza kuponya. Na hilo swali letu linaua, jamani, kwa sababu mgonjwa akijua atahukumiwa, anaficha leso.

Basi tuseme wazi. Sigara ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha kansa ya mapafu, na moshi wake unamdhuru hata aliyekaa karibu na mvutaji. Lakini wapo wanaougua bila kuvuta hata moja maishani. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nao unaharibu mapafu, na wanaouvuta zaidi ni mama zetu na dada zetu.

Dalili ni kikohozi kisichoisha, makohozi yenye damu, maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, sauti kukwaruza, kukonda bila sababu. Zinafanana sana na za TB. Kwa hiyo ukikohoa wiki mbili, nenda kapime. Ikiwa ni TB, inatibika, na dawa zake ni bure. Ikiwa si TB na kikohozi bado kipo, au umemeza dawa na hupati nafuu, usirudi kukaa nyumbani. Rudi kwa daktari, ulizia eksirei. Picha ikionyesha uvimbe, huchukuliwa kinyama kidogo kikapimwe maabara, na hapo ndipo kansa huthibitishwa. Ugonjwa huu mwanzoni hauna kelele, ndiyo maana wengi hufika wamechelewa. Ukiwahiwa, uvimbe unaweza kukatwa.

Kuna atakayesema, "Sisi tunaomba tu." Soma Yoshua bin Sira sura ya 38: anatufundisha tusali, kisha tumpe daktari nafasi yake, maana naye ni Mungu aliyemuumba. Katekisimu, namba 2290, inataja tumbaku kati ya mambo ambayo fadhila ya kiasi inatutaka tujihadhari nayo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye mwaka 1957 akiwa kijana alikatwa sehemu ya pafu, alisimamisha uuzaji wa sigara Vatikani kuanzia mwaka 2018, ingawa ziliingiza fedha.

Mimi niliacha. Nilianguka mara mbili, nikaanza tena. Nilipokwenda kuungama nikalia kwa ajili ya mjomba. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na sasa hivi nyumbani kwenu, nani anakohoa?"

Nilikosa jibu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikiliza. Nikarudi nyumbani nikasikiliza. Alikuwa bibi. Nilimpeleka kupimwa, si TB, si kansa, mapafu yake yamechoshwa na moshi wa miaka. Wiki ile ile tulitoboa dirisha jikoni.

Nawaachia swali hilo hilo la padre. Usiku wa leo, kabla ya Rozari, sikiliza nyumbani kwako. Kesho mshike mkono mtu huyo, mwende wote.

Tuombe: Ee Mungu, uliyempulizia mtu pumzi ya uhai, utusamehe pale tuliponyamaza. Uwape nguvu wanaotaka kuacha, uwafariji wanaohema kwa shida, umpokee mjomba wangu katika mwanga wako. Bikira Maria, afya ya wagonjwa, utuombee. Amina.