Je, Mashine Yaweza Kuwa Mwalimu?



Wazazi wengi wanatuuliza: je, yafaa mtoto wa skuli kufundishwa na hii iitwayo akili mnemba? Tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT kwa watu wote, chombo hiki kimeingia katika simu za majumbani mwetu. Mtoto hukiuliza hesabu, insha, hata masuala ya dini, nacho humjibu papo hapo kwa maneno laini kama ya mtu aliyesoma.

Wako wasemao kuwa ni haramu kwa sababu ni kitu kigeni. Sisi hatumo pamoja nao. Ulaya walianza kupiga vitabu chapa katika karne ya 15, lakini Istanbul Waislamu hawakuruhusiwa kuchapa kwa herufi za Kiarabu mpaka 1727, alipopewa idhini Ibrahim Müteferrika, tena kwa sharti asichape vitabu vya dini. Kuchelewa huko hakukutufaa kitu. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikitumia chombo hicho hicho cha chapa kuwaamsha watu.

Basi neno si ugeni wa chombo. Neno ni hili: elimu ni nini? Ikiwa elimu ni jawabu tu, mashine imetosha. Lakini wanavyuoni wetu hawakuiona hivyo. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakutosheka na uzuri wa maneno. Alichunguza ni nani aliyeyapokea, kayapokea kwa nani, na je, ni mkweli? Elimu kwetu ni habari pamoja na mtu aibebaye, ambaye ataulizwa juu yake.

Tazameni sasa hali ya mashine. Imelishwa maandishi mengi mno, nayo hukisia neno lielekealo kufuata neno. Mara nyingi husema sawa. Lakini ikikosa, hukosa kwa sauti ile ile ya yakini, wala haina haya. Mwezi wa Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000, kwa kuwa walipeleka mahakamani hukumu za kesi ambazo hazikuwako kamwe. ChatGPT ndiyo iliyozizua. Ikiwa mawakili wazima wamedanganyika, itakuwaje mtoto wa miaka 12?

Sisi tunaotaka islahi twawaambia watu wasimfuate sheikh yeyote kwa upofu, bali wamuulize dalili. Je, tuikatae taklidi ya wenye vilemba, kisha tuikubali taklidi ya mashine?

Kisha kuna uaminifu. Mtoto anayenakili insha ya mashine na kuitia jina lake ameshuhudia uwongo, na mzazi ajuaye akanyamaza, akazifurahia alama, ni mshirika wake. Ghushi ya daftari ni ghushi kama ile ya mizani. Na wa kwanza kudhulumika ni mtoto mwenyewe, kwani siku ya mtihani wa KCSE ataingia chumbani peke yake, bila simu, naye hana alichokizoea ila kuomba jawabu.

Hatukatai kwamba mtoto wa maskini, asiye na uwezo wa kulipia masomo ya ziada, aweza kunufaika. Na aitumie kuelezwa tena somo alilokwisha kulihangaikia, au kujipima kwa maswali. Lakini isifikiri badala yake. Na katika halali na haramu amwendee mwanachuoni aliye hai, ajulikanaye kwa elimu na uchaji wake.

Dawa tunayo tangu zamani. Chuoni, mwanafunzi aliandika somo lake ubaoni, akalisoma mbele ya mwalimu, wala halikufutwa mpaka mwalimu aridhike. Basi waalimu wa leo, mtoto aletapo kazi yake, na wamuulize kwa mdomo: umejuaje? Kwa nini ikawa hivi? Nanyi wazazi, ketini nao jioni wawaeleze walichosoma. Hata mama asiyejua kuandika humtambua mtoto aliyefahamu na mtoto anayekariri.

Akili ni amana, na tutaulizwa tumeitumiaje. Ya kuazima haitatujibia.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na watoto wetu. Amin.