Sizitaki mbichi hizi: kinaa ya kamera ndogo

Sungura wa hadithi aliruka, akaruka tena, na matunda yaliposhindikana akaenda zake akidai ni mabichi. Ndiyo maana anayesema kidogo kinamtosha hutazamwa kwa jicho la shaka. Ana kinaa kweli, au mkono wake ni mfupi tu? Wanafalsafa wamelizungusha swali hilo kwa karne nyingi. Watengenezaji wa kamera wa Japani wamelijibu kwa fedha zao wenyewe.

Mwaka 2003 Olympus ilitoa kamera ya E-1, ya kwanza katika mfumo wa Four Thirds ulioanzishwa pamoja na Kodak. Kihisi chake, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kilikuwa na takriban milimita 17.3 kwa 13. Mwaka uliotangulia Canon ilikuwa imeuza EOS-1Ds yenye fremu kamili, milimita 36 kwa 24, eneo linalokaribia mara nne ya lile la Olympus. Canon ilikuwa kubwa kuliko Olympus katika soko la kamera, na kihisi chake kikubwa. Olympus ikashikilia kwamba kidogo kinatosha, tena kinaruhusu lenzi zilizobuniwa upya kwa ajili ya dijitali. Sungura huyo, wakasema waliokuwa upande wa pili.

Lakini nani aliyeamua kwamba 36 kwa 24 ndiyo ukamilifu? Kipimo hicho hakikuteremshwa kutoka mbinguni. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alichukua filamu ya sinema na kuunganisha fremu zake mbili kuwa picha moja. Kamera iliyozaliwa hapo, Leica, ilionyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925. Kwa wapiga picha wa enzi ile, waliozoea negativu kubwa na bamba za kioo, hicho kilikuwa kipande kidogo mno. Mnyonge wa jana amekuwa kipimo cha kuwapimia wanyonge wa leo, na huo ndio ubabe halisi wa mkubwa: hushindana na wenzake huku rula ameishika yeye.

Aristotle aliwahi kulieleza jambo hili kwa chakula. Mgao unaompunja Milo, yule bingwa wa mieleka, unaweza kumzidi anayeanza mazoezi. Kiasi cha kati hakimo ndani ya chakula chenyewe. Kimo kati ya chakula na mlaji. Basi swali la haki kwa kihisi kidogo ni hili: kinamtosha nani, kwa kazi gani?

Mpiga picha za ndege msituni ana jibu. Katika mfumo huu lenzi ya milimita 300 humpa upeo ule ambao mwenye fremu kamili huupata kwa lenzi ya 600, na mabega yake yanapona. Kihisi chepesi pia ni rahisi kukiyumbisha ili kufuta mtikisiko wa mkono. Mwaka 2012 kamera ya E-M5 ya Olympus ilileta utulizaji wa mihimili mitano ndani ya mwili wa kamera. Gharama yake haifichiki. Kwenye tundu lilelile la lenzi, robo ya eneo hupokea robo ya mwanga, na katika ukumbi wenye giza picha huota chembechembe. Fizikia haina upendeleo. Kinaa isiyokiri hasara hiyo ingekuwa maneno ya sungura kweli.

Kipimo kizuri cha ukweli ni kuangalia mtu afanyavyo matunda yanapofikika. Fujifilm ilikuwa na uwezo wa kuingia kwenye fremu kamili. Ikakaa chini yake kwa kamera za X, kisha mwaka 2017 ikaruka juu yake kwa GFX yenye kihisi cha takriban milimita 44 kwa 33. Uwanja wenye msongamano ikawaachia wengine. Mimi naiona hiyo kuwa busara ya biashara kuliko kinaa. Panasonic, mshirika wa Olympus tangu 2008 katika Micro Four Thirds, mrithi wa Four Thirds mwenye kihisi cha ukubwa uleule, ilitangaza mwaka 2018 muungano na Leica na Sigma wa kutengeneza fremu kamili. Tunda likafikika, likachumwa. Hata hivyo haikuutupa mfumo mdogo.

Wakubwa nao walijaribu udogo. Nikon ilitoa kamera za Nikon 1 mwaka 2011, zenye kihisi kidogo kuliko hata cha Olympus, na kufikia 2018 ilikuwa imeziacha. Mkubwa ana pa kurudi. Aliyebaki na lenzi zisizo na kamera mpya ni mnunuzi.

Hapo ndipo kinaa inapogeuka kuwa suala la uaminifu, maana anayenunua lenzi hununua ahadi. Olympus yenyewe haina mikono safi: baada ya E-5 ya mwaka 2010, Four Thirds ya awali haikupata kamera nyingine, na wenye lenzi zake wakalazimika kutumia adapta. Safari ya pili imekwenda vizuri zaidi. Kitengo cha kamera cha Olympus kilipata mmiliki mwingine Januari 2021 na kuitwa OM Digital Solutions, lakini OM-1 iliyotolewa 2022 bado inafunga lenzi za Micro Four Thirds za mwaka 2008, bila adapta.