Usalama wa Hisani

Katikati ya Julai 2014, kuta za nyumba nyingi mjini Mosul, kaskazini mwa Iraki, zilichorwa herufi moja ya Kiarabu, nuni, kwa maana ya Nasara: Wakristo. Ubavuni ikaandikwa kwamba nyumba hiyo sasa ni mali ya Dola ya Kiislamu. Kundi hilo, Daesh kwa ulimi wa Waarabu, lilikuwa limeuteka mji mwezi mmoja kabla. Wenye nyumba wakapewa hadi tarehe 19 wachague: kusilimu, kulipa jizya, yaani kodi ya wasio Waislamu, kuondoka, au upanga. Karibu wote waliondoka. Kwenye vizuizi vya barabarani wakavuliwa pete, wakanyang'anywa fedha na simu, na wengine wakaendelea kwa miguu. Mhadhiri mmoja wa sheria, Mwislamu, aliyekemea unyama huo aliuawa.

Dunia ilishtuka. Lakini balaa lilikuwa limeanza zamani.

Chini ya Saddam Hussein, Wakristo wa Baghdad walisali bila bughudha. Mkristo wa Kanisa la Kikaldayo, Tariq Aziz, aliyezaliwa kwa jina la Mikhail Yuhanna, alipanda hadi kuwa naibu waziri mkuu. Wengi waliita hali hiyo amani, nami siwalaumu, maana mwenye watoto hushukuru kukicha salama. Hata hivyo ilikuwa hisani ya mtu mmoja, tena yenye masharti. Katika operesheni ya Anfal ya jeshi la Saddam, mwishoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Wakristo milimani kaskazini vilibomolewa pamoja na makanisa yake, sawa na vya Wakurdi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa walimtegemea dikteta.

Mwaka 2003 Marekani ilimng'oa Saddam, ikalivunja na jeshi lake. Vyeo vikagawanywa kwa dhehebu na kabila: Mshia hiki, Msuni kile, Mkurdi kile. Kila upande ulikuwa na watu wenye bunduki. Wakristo, waliokadiriwa kupita milioni moja, hawakuwa na wa kuwasimamia. Juu ya hayo wakahesabiwa kuwa ndugu wa wavamizi, ilhali mababu zao walisali katika Uwanda wa Ninawi kabla Uislamu haujafika huko.

Agosti 2004 makanisa ya Baghdad na Mosul yalilipuliwa siku moja. Kisha zikaja bahasha chini ya mlango: karatasi ya vitisho na risasi moja ndani yake. Madaktari na wenye maduka wakatekwa, jamaa wakauza dhahabu na viwanja kulipa fidia. Februari 2008 alitekwa Askofu Mkuu Paulos Faraj Rahho wa Mosul, akitoka kuongoza Njia ya Msalaba. Wiki mbili baadaye ikapatikana maiti yake. Oktoba 2010 watu zaidi ya 50 waliuawa ndani ya kanisa la Mama Yetu wa Wokovu, Baghdad. Kila mara serikali ililaani, wauaji wengi wasikamatwe, na familia nyingine zikafunga mizigo usiku bila kuaga. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kabla rangi haijagusa ukuta, muuaji alikuwa ameshajaribu miaka kumi na kuona kwamba kumuua Mkristo hakuna gharama.

Leo makadirio mengi ya Wakristo wa Iraki hayafiki laki tatu. Katika mji wa Qaraqosh, Uwanda wa Ninawi, baadhi yao wamerudi baada ya Daesh kufukuzwa, wamejenga upya kanisa la al-Tahira ambalo Daesh walilichoma, na ua wake wakaugeuza uwanja wa kulengea shabaha. Lakini usalama wa uwanda huo ungali mikononi mwa wanamgambo wanaogombea nani awe mlinzi wa Wakristo. Hata viti vitano walivyotengewa bungeni vimekuwa mawindo: mwaka 2021 vinne vilichukuliwa na chama cha kiongozi wa wanamgambo, na viongozi wa makanisa wakalalamika kwamba kura zilitoka nje ya jamii yao.

Julai 2023 Rais wa Iraki alifuta waraka wa mmoja wa watangulizi wake uliomtambua Kardinali Louis Sako, Patriaki wa Wakaldayo, kuwa mkuu wa kanisa lake na msimamizi wa mali zake. Sako akaihama Baghdad kwenda Erbil, kwenye eneo la Wakurdi. Mwaka uliofuata alirejea kwa mwaliko wa Waziri Mkuu, na haki ile ile akarudishiwa kwa waraka mwingine.