Ateri Iliyotanuka na Jirani Anayeshukiwa

Mtu wa kijiji cha Golbanti akiamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki, huzuka maswali mawili: amepatwa na nini, na kwa nini yeye? La kwanza ni la mwili, la pili ni la Mungu. Tatizo huanza tunapolijibu la kwanza kwa jawabu la pili. Hapo hutajwa jini, kisha jirani anayedaiwa kulituma. Kumbe kipo kiharusi kinachotokana na ateri za ubongo zilizotanuka kupita kiasi, hasa za nyuma zinazolisha shina la ubongo. Umri na presha ya muda mrefu huchangia: ukuta hulegea, mshipa ukarefuka na kujipinda, damu ikapita polepole, ikaganda, na donge likaziba vijishipa vidogo. Ateri kuu ya shina hilo ikizidi milimita 4.5 kwa upana, madaktari huihesabu kuwa imetanuka.

Muumini atauliza: je, kutaja ateri si kumwondoa Mungu? Historia ya Golbanti yenyewe inajibu. Mwaka 1886 mmisionari Mmethodisti John Houghton na mkewe waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Kilichowaua kilijulikana, lakini swali la kwa nini Mungu aliruhusu halikufungwa kwa kujua hivyo. Sababu na kudura hazigombanii nafasi moja. Katika Injili ya Yohana, Yesu alikataa kuutwika upofu wa mtu dhambi yake au ya wazazi wake. Naye Mtume Muhammad aliwahimiza watu watafute tiba. Basi kumkimbiza mgonjwa hospitali si kuikimbia kudura.

Mwingine atasema: ateri ikishatanuka kwa kawaida hairudi, sasa kujua kwafaa nini? Kwafaa mengi. Presha hushushwa kwa dawa, na hatari ya kiharusi ikapungua. Tena kujua humwokoa mshukiwa. Jirani hushukiwa kwa sababu ya ugomvi, tuseme wa ng'ombe walioingia shambani, na ugomvi huo ulitokea juzi. Ateri imetanuka kwa miaka. Akija wa kudai kwamba uchawi ulianza zamani hizo, ajue kuwa tuhuma isiyoweza kukanushwa kwa ushahidi wowote haina ushahidi wowote. Kumtaja mtu kwa tuhuma ya namna hiyo ni kumsingizia, na kusingizia ni dhambi msikitini na kanisani vilevile. Anayetaka kumcha Mungu mbele ya mgonjwa aliyepooza na aombe dua, apimishe presha, na aliache jina la jirani yake.