Ufunguo wa Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, yatupasa kuwahadharisha na jambo lililokwisha kumfika mwenzetu hapa mitaa ya mashariki ya Nairobi.

Baada ya darasa alitujia kijana muuza viatu vya mtumba wa soko la Gikomba. Kwa miaka alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo ampeleke mama yake Hija. Mtu anayemjua kwa sura tu akamshauri anunue bitcoin, sarafu ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2009, akamuuzia karatasi iliyokwisha chapwa, ndani ya bahasha yenye lakiri ya kumetameta. Akamwonyesha kwa simu kwamba mali kweli ipo, akamwambia, "Usiifungue mpaka bei ipande." Kijana akaifungia sandukuni, nyumbani kwao Majengo. Alipoifungua baada ya miezi, akakuta hesabu ni sifuri. Kufuli halikuvunjwa, lakiri haikuguswa, na mali haipo. Majirani wakamwambia aende kwa mpiga ramli amtafutie mwizi.

Ndugu zetu, hapa hapana jini wala uchawi. Sarafu hii haimo katika karatasi. Imeandikwa katika daftari la hesabu lililoenea katika kompyuta za ulimwengu, nalo laonyesha kila anwani ina kiasi gani. Karatasi hubeba mambo mawili tu: anwani, ambayo ni ya kupokelea, na ufunguo wa siri, ambao ni nambari iwezayo kufika tarakimu 78, nao ndio wa kutolea. Kuijua nambari hiyo kwa kubahatisha ni muhali. Lakini aliyeichapa ana haja gani ya kubahatisha? Alibaki na nakala, akangoja. Na mali ikishahamishwa, hapana benki wala karani wa kuirudisha.

Sasa tuitazame sheria yetu. Mtume S.A.W. alikataza mtu kuuza chakula alichokinunua kabla hajakikabidhi mkononi mwake. Na wanavyuoni wa madhhabi ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, wameeleza kwamba kukabidhi nyumba ni muuzaji kuiondokea, kutoa vyombo vyake, na kumwezesha mnunuzi kuitumia apendavyo. Ukikuta muuzaji angali na ufunguo wake na huingia usiku apendapo, je, utasema umekabidhiwa nyumba? Basi na karatasi hii ni hivyo hivyo. Kuonyeshwa kuwa mali ipo si kukabidhiwa. Mali ambayo mwengine ana ufunguo wake wa pili bado imo mkononi mwake.

Tena nyumba waweza kuibadilishia kufuli, na nambari ya siri ya M-Pesa waweza kuibadili. Hii haibadiliki: anwani na ufunguo wake havitengani daima. Aliyekwisha nunua karatasi ya namna hii, na mali angali aiona, asingoje kesho. Naihamishe yote, saa ile ile, hata anwani mpya ambayo ufunguo wake ameufanya mwenyewe, na hapana mwengine aliyeuona.

Na twajiuliza: imekuwaje tukubali upesi hivi kununua kitu kilichofungwa tukaambiwa tusikifungue? Jawabu ni chungu. Tumezoea. Wangapi wetu wamevaa hirizi shingoni miaka ishirini, imeshonwa katika ngozi, wala hawajui ndani mmeandikwa nini? Mtu aliyefunzwa kwamba baraka imo katika karatasi asiyoisoma, hatashindwa kuamini kwamba na utajiri umo humo. Mtume S.A.W. alipopita sokoni alitia mkono wake ndani ya fungu la chakula, akaona umaji chini yake, akamlaumu muuzaji kwa kuuficha, na akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Hakutazama juu tu. Nasi na tutie mkono.

Iko hila nyengine, ya karatasi inayoangushwa njiani kusudi, ufunguo wake umechapwa wazi, na imeandikwa kuwa ina mali nyingi. Anayeiokota akijaribu kuitoa, huambiwa atume kwanza ada. Huyu tumwambie nini? Sheria ya mali iliyookotwa ni kuitangaza mwaka mzima. Aliyekimbilia kuitoa siku ile ile alikwisha nuia kula mali ya mtu kabla ya yeye kuliwa yake.

Ama sarafu yenyewe, wanavyuoni wamekhitalifiana. Aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, aliiharamisha mwanzo wa mwaka 2018, na wako wengine walioihalalisha kwa masharti. Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi mwezi wa Disemba 2015 kwamba haina dhamana, na mwaka 2025 ikapitishwa sheria ya kuwataka wafanyao biashara hii wapate leseni. Lakini hata aliyeihalalisha hakuhalalisha ghushi, na muuza bahasha wa kichochoroni hana leseni.

Na wewe uliyeiuza karatasi ile, huenda ukayasoma haya. Toba ya dhuluma haitimii kwa kuleta istighfari tu. Haitimii mpaka umrudishie mwenyewe haki yake. Mama yule angali hai, na hana la kufanya usiku ila kuomba, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia mbele ya Mola wake.

Tumemwambia kijana arejee viatuni kwake na aanze tena, kwani Hija ni ya mwenye uwezo, na nia yake haikupotea. Kwa mpiga ramli hakwenda. Mwenyezi Mungu amfidie lililo bora, na atujaalie kuijua mali yetu kabla ya kuitoa. Amin.